Takwimu za Kisesa zirudi Kisesa

Tangu mwaka 1994 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza, wamepita kaya kwa kaya hapa Kisesa, wilayani Magu, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, na kila baada ya miaka kadhaa wakipima virusi vya Ukimwi. Takwimu hizo huunganishwa na za tafiti kama hizo za Rakai na Masaka nchini Uganda, na huchambuliwa hadi London. Sawa, dunia imejifunza. Lakini muuza dagaa aliyetoa damu yake hatafuti makala ya Kiingereza. Anataka mrejesho kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kisukuma ikibidi, na nafasi ya kuuliza maswali, hata yale yanayowakera wataalamu. Bajeti ya utafiti iutaje mkutano huo mapema, pamoja na nauli ya mtafiti.