Jina la Nguo na Kazi ya Nguo

Mhadhara kwa wakazi wa Kibera na Kawangware



Katika Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, robota jipya la nguo likifunguliwa asubuhi, mkono wa mnunuzi huenda kwanza shingoni mwa shati au kiunoni mwa jinzi. Hapo ndipo ilipo lebo. Kitambaa kitatazamwa baadaye. Jioni huko Kawangware, kandokando ya Barabara ya Naivasha kuelekea kituo cha 46, hali ni hiyo hiyo: raba zilizopangwa chini hutazamwa alama ya ubavuni kabla ya mtu kuzigeuza aone soli. Mada ya leo ni swali moja: mnunuzi wa mtaani anapolipia jina, hasa huwa ananunua nini?

Wako wanaojibu upesi kwamba ananunua majivuno. Jibu hilo linamdhulumu. Kijana wa Kibera anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi anajua kwamba akitaja anakoishi, huenda sura ya mwenye kazi ikabadilika. Dada wa Kawangware anayevuka barabara kila asubuhi kwenda kufanya kazi Lavington anajua kwamba bawabu wa lango humtazama kuanzia viatuni kwenda juu. Anwani haiwezi kubadilishwa kwa siku moja. Shati linaweza. Anayetoa shilingi 800 kwa shati lenye jina linalojulikana mara nyingi ananunua nafasi ya kusikilizwa kabla hajahukumiwa, na hiyo ni haja halali ya binadamu yeyote.

Sababu ya pili ni hofu ya hasara. Mwenye kipato cha kila siku hana pesa za kukosea mara mbili. Jina analolijua humpa ahadi kwamba wengine walishavaa na hawakujuta. Sababu ya tatu ni rika. Mtoto wa shule hapendi kuwa peke yake mwenye viatu vya kuchekwa, na kijana hapendi kukosa jezi ya timu yake siku Arsenal au Manchester United inapocheza na kibanda cha kuonyeshea mpira kimejaa. Sababu ya nne ni ya kibiashara tu: raba yenye jina huweza kuuzwa tena mfuko ukikauka.

Hata kabla ya majina ya ng'ambo, nguo ilikuwa ikisema mtu ni nani. Akina mama wa jamii ya Wanubi, ambao wazee wao walipewa ardhi ya Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, bado hujifunga gurbaba siku za harusi, na anayejua huwatambua kwa mbali. Kwa hiyo hakuna aibu kwa mtu kutaka nguo yake imtambulishe. Taabu huanza pale jina linapolipiwa likadhaniwa ndilo ubora.

Alama ya Nike, ule mkwaju unaochorwa hata kwenye kuta za vinyozi mtaani, ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, mwanafunzi wa sanaa huko Oregon, Marekani. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 35. Mchoro wenyewe haukuwa na thamani kubwa. Thamani yake ilijengwa baadaye kwa viatu vilivyodumu, kwa wanariadha waliolipwa wavivae, na kwa matangazo ya miaka mingi. Mnunuzi wa leo anaigharamia yote hayo: sehemu ya pesa zake ni ya kiatu, na sehemu ni ya sifa za kiatu. Waswahili walishaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina likishapendwa, mwenyewe huweza kupunguza uzito wa kitambaa bila kupunguza bei, na mwigaji naye huweza kulibandika juu ya bidhaa yoyote ile.

Hapo ndipo tofauti ya mtumba na mpya inapowachanganya wengi. Katika miaka ya 1970 na 1980, Wakenya wengi walivaa nguo za viwanda vya nchini, vikiwemo Rivatex ya Eldoret, KICOMI ya Kisumu na Mountex ya Nanyuki. Biashara ya nje ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ikamiminika. Viwanda vilivyokuwa tayari vimelemewa na madeni, mitambo mikuukuu na usimamizi mbaya vilishindwa kushindana. Rivatex ilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa. Lakini ladha ya mnunuzi ilikuwa imekwisha kubadilika: majina ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamefika hadi Toi, kwa bei ambayo mtu wa kibarua angeweza kuimudu.

Jina lililo ndani ya mtumba mara nyingi ni la kweli, kwa kuwa nguo ilinunuliwa dukani ng'ambo na kuvaliwa kabla ya kutolewa. Kasoro yake ni umri. Mfanyabiashara mwenyewe hununua robota likiwa limefungwa, aghalabu la kilo 45, bila kujua kilichomo. Akilifungua, huchambua: zile safi kabisa, zinazoitwa kamera, huuzwa kwanza na kwa bei ya juu, zinazofuata hushuka bei, na za mwisho, fagia, huuzwa kwa bei ya kutupa. Anayelalamika kwamba bei ya kamera ni kali akumbuke kwamba ndiyo inayofidia mashati yaliyochanika chini ya robota hilo hilo. Akumbuke pia kwamba Soko la Toi limeteketea zaidi ya mara moja: katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tena mwaka 2019, na tena Julai 2024. Wako waliorudi kuanza upya mara zote hizo.

Bidhaa mpya yenye jina kubwa na bei ndogo ni jambo jingine. Raba ambayo haijawahi kuvaliwa, yenye jina la kiwanda mashuhuri, inayouzwa kando ya barabara kwa shilingi 1,500, ina uwezekano mkubwa wa kuwa bandia. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inaharamisha kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza bidhaa za aina hiyo, na inaruhusu zikamatwe. Muuzaji mdogo aliyekopa mtaji ndiye huumia zaidi, maana huweza kupoteza mali yote kwa siku moja wakati aliyeileta kwa kontena hayupo. Mnunuzi naye, soli ikiachia wiki ya tatu, hurudi akakuta muuzaji amehama. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Haki hiyo ni rahisi zaidi kuidai kwa muuzaji mwenye kibanda kinachojulikana na anayetoa risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Jambo linalovunja nyumba kimyakimya ni mkopo. Mikopo ya simu imerahisisha kununua leo na kulipa kesho, na sikukuu zinapokaribia, wako wanaokopa ili watoto waonekane. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya kukopa hufanana nayo: huvaliwa siku moja, hulipwa miezi mitatu pamoja na riba, na pesa zenyewe hutoka kwenye unga, kodi ya nyumba au karo. Mtoto aliyevaa raba mpya lakini akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo hakuongezewa heshima yoyote.

Kipimo cha haki ni kugawa bei kwa muda wa kuvaa. Mfano, viatu vya shilingi 1,500 vinavyodumu miezi mitatu vinagharimu shilingi 500 kwa mwezi. Viatu vya shilingi 2,400 vinavyodumu mwaka mzima vinagharimu shilingi 200 kwa mwezi. Vya bei ya juu ndivyo rahisi, viwe na jina kubwa au visiwe nalo. Hesabu hiyo hufanywa kichwani pale pale kibandani, kabla ya mkono kuingia mfukoni.

Ili kujua kitakachodumu, mnunuzi aanze na nguo kabla ya lebo. Ainyanyue dhidi ya mwanga; palipochakaa, mwanga hupenya. Aangalie makwapani, magotini, mapajani na kwenye ukosi, kwa sababu hapo ndipo nguo huchoka kwanza. Avute mshono kidogo kwa vidole viwili. Ukifunguka, uzi umekwisha. Avute zipu mara tatu. Ageuze nguo ndani nje na kuangalia kama nyuzi zimekatwa vizuri. Kwa viatu, akunje soli na kutazama kama gundi inaachana, kisha apitishe kidole ndani kwenye kisigino. Nyumbani, mtumba wowote ufuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Hayo yote hayazidi dakika tano, na muuzaji mwaminifu hayachukii. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika mtu anaposaka jina la mbali. Tangu mpango wa AGOA uanze mwaka 2000, viwanda vilivyo katika maeneo ya EPZ, kama vile Athi River, vimekuwa vikishona nguo za kuuzwa Marekani, zikiwemo jinzi za majina makubwa. Huenda suruali ikashonwa na mikono ya Mkenya, ikapanda meli, ikavaliwa Marekani, ikatolewa msaada, ikafungwa kwenye robota, na hatimaye ikatua Toi ikisifiwa kuwa mali ya ng'ambo. Ustadi uliosifiwa ni wa hapa hapa.

Ustadi huo uko pia vichochoroni. David Avido, mbunifu aliyekulia Kibera, amejenga jina lake, Lookslike Avido, akiwa mtaani, na mwaka 2020 wakati wa korona alishona barakoa kutokana na vipande vya vitambaa akawagawia majirani bure. Tangu 2023, Kibera imekuwa na wiki yake ya mitindo, Kibera Fashion Week. Si lazima kila fundi afike huko. Fundi wa cherehani wa Kawangware anayepunguza koti la mtumba likamkaa mtu sawasawa kwa shilingi 150 amempa mteja wake mwonekano ambao lebo peke yake haiwezi kuutoa, maana bawabu wa lango haoni lebo ya ndani ya ukosi. Anachoona ni nguo safi, iliyopigwa pasi, inayomkaa mwenyewe.

Basi anayependa jina na ana pesa zake, alinunue kwa furaha, ila ajue ni kiasi gani analipia kitambaa na kiasi gani analipia sifa. Mzazi mwenye shilingi 1,000 ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, aanze na kile kitakachofika muhula wa tatu kikiwa kizima. Na mwenye kuajiri, awe Lavington au katikati ya jiji, ana wajibu wake pia: siku atakapomuuliza kijana anachoweza kufanya kabla ya kumuuliza anakotoka, shati halitalazimika tena kubeba mzigo usio wake.