Kutoka Pwani Hadi Kwetu kwa Baiskeli: Njia, Mlima na Maji ya Zahanati

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama)

 

Nimepewa dakika kumi nieleze safari ya baiskeli tuliyoifanya mwezi wa tisa kutoka Tanga mjini hadi nyumbani. Mweka hazina mwenzangu ameniomba nianze na fedha, lakini nitaanza na barabara, maana fedha mtaielewa vizuri zaidi mkishaijua barabara.

Tulikuwa wanne: mimi, mwenzetu muuguzi, mwalimu mstaafu mmoja mwenye miaka 61 ambaye alitutangulia karibu milima yote, na kijana wetu fundi baiskeli. Hatukuwa na vifaa vya kifahari. Kila mmoja alifunga begi moja kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu. Ndani mlikuwa na shuka, nguo za kubadili, koti la mvua, pampu, gundi na viraka. Tuliondoka Raskazone saa kumi na mbili asubuhi, bahari ikiwa nyuma yetu, tukaifuata lami.

Kipande cha Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 40 na hakina maelezo mengi. Pongwe tulikunywa chai na chapati, tukapita mashamba ya mkonge, tukabanwa pembeni na malori. Anayetaka kujaribu safari hii avae fulana ya kung'aa na atoke mapema, kabla malori hayajawa mengi. Muheza tulipumzika, tukala machungwa ya kwetu kwa bei ya kwetu.

Baada ya hapo safari yenyewe inaanza. Ukiwa ndani ya basi la Amani, kilomita hizo 35 ni usingizi. Ukiwa juu ya baiskeli, unajua kila daraja na kila jiwe. Bombani, Kisiwani, kisha Zigi, ambako tulilala. Vijana wengi hawajui kuwa zamani treni ilifika hapo. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Zigi kwa ajili ya kuteremsha mbao, na nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, sasa ni ofisi ya kupokelea wageni wa hifadhi. Reli iling'olewa, mbao zilikwenda, na sisi tukabaki na barabara ya udongo.

Asubuhi ya pili tulianza kona. Kutoka Zigi hadi Amani unapanda kutoka kwenye mita zipatazo 450 hadi karibu 900 juu ya usawa wa bahari, katika safari ya kilomita chache tu. Sitawadanganya kwamba tulipanda tukiwa tumekaa. Tulisukuma. Lakini kusukuma baiskeli kuna faida yake: unasalimia watu, na wao wana muda wa kukujibu. Kinamama waliobeba iliki na mdalasini kuteremka kwenye mnada walitusimamisha kutuuliza kwetu ni wapi, na tulipotaja kijiji mmoja akacheka, akasema, "Basi mnakwenda kwa shangazi yangu."

Kitu kimoja tulichokiona kwa macho, na kwa kiu yetu, ndicho kilichonifanya niombe dakika hizi.

Milima yetu ina maji. Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na msitu wote unatiririka. Vijito vyetu vinaingia mto Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani maji yanakwenda kwenye mabomba ya Tanga mjini. Maji niliyoogea asubuhi ile nyumbani kwangu, kabla ya safari, yalitoka kwetu. Kila mwezi ninayalipia ankara. Lakini nyumba za kwetu ziko juu ya migongo ya vilima, na vijito viko chini bondeni. Kila tulipobisha hodi kuomba maji ya kunywa tulipewa, tena kwa ukarimu, na kila mara tulijua kuna mtoto au mama aliyeyapandisha kichwani.

Tulifika zahanati saa nane mchana. Mwenzetu muuguzi aliomba kuona chumba cha kujifungulia. Chumba ni kisafi, kitanda kipo, na muuguzi wa pale anajituma. Maji ndiyo hayapo. Mjamzito anaambiwa aje na ndugu na aje na ndoo. Uchungu ukimshika usiku na mvua ikinyesha, ndugu huyo anateremka bondeni kwa tochi, na mvua ile ile inamwagika bure kutoka kwenye bati la zahanati juu ya kichwa cha mgonjwa. Bati halina mfereji hata mmoja.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya hesabu. Tulilipima paa kwa kamba: mita 12 kwa mita 9, yaani mita za mraba 108. Kwa mvua ya milimita 1,900, paa hilo linapokea lita 205,200 kwa mwaka. Tuseme robo nzima inapotea kwa kuruka, kuvuja na kuoshea bati. Zinabaki kama lita 153,900, ambazo kwa wastani ni lita 420 kwa siku. Matangi mawili ya lita 10,000 yakijaa, na zahanati ikitumia lita 400 kwa siku, yanatosha siku 50 bila tone la mvua. Kwetu, hata Januari na Februari, kupita siku 50 bila mvua si jambo la kawaida.

Najua mwaka jana mkutano huu ulipitisha kwamba mchango mkubwa uende kwenye ukumbi wa kijiji. Niliwasikiliza waliosema ukumbi utakodishwa kwa harusi na kuingiza fedha, na hoja yao si mbaya. Lakini ukumbi hauwezi kuingiza shilingi kabla haujaezekwa, na kwa kasi tunayochanga hautaezekwa mwakani. Matangi yanaanza kazi siku ya mvua ya kwanza. Ninaomba mkutano huu ubadilishe mpangilio: mifereji na matangi kwanza, na msingi wa ukumbi usubiri. Matofali yaliyokwisha fyatuliwa hayaozi. Mzee mmoja aliniambia nje pale kwamba kubadilisha uamuzi ni kuwaaibisha waliochanga kwa ajili ya ukumbi. Kwa heshima, mzee wangu, tuwaulize wenyewe. Wengi wao wako humu ndani, na wengine wake zao walijifungulia pale.

Jambo hili lina tarehe. Tangi la lita 10,000 linapanda mlima kwa lori, na tumeziona kona zile kwa miguu yetu: masika ikianza, lori halipiti. Tunahitaji mzigo uwe juu kabla ya mwisho wa Februari. Mafundi wa kijijini wamekubali kujenga vitako vya matangi bila malipo endapo saruji itafika.

Kuhusu ahadi za kilomita: safari ilikuwa kilomita 80 hadi kwenye uwanja wa zahanati, na mita ya baiskeli ya kijana wetu ni shahidi. Walioahidi kwa kila kilomita wazidishe wenyewe. Kwenye vitabu vyangu, ahadi isiyolipwa inaandikwa upande wa wadaiwa, na majina ya upande huo yapo mengi mazuri sana, mengine ya walioketi viti vya mbele. Bei za matangi, mifereji na saruji tulizoziulizia Muheza zimechapwa ukurasa unaofuata pamoja na stakabadhi za safari. Mwenye bei nafuu zaidi alete.

Daftari liko kwenye meza ya mlangoni, kwa mwalimu wetu mstaafu. Anapokea taslimu na kwa simu, na anaandika pia majina ya watakaopanda nasi mwakani.