Picha za Mtoto Mchanga na Mamlaka ya Ndugu: Nani Amwambie Shangazi?

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wauguzi wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanga



Niliombwa nizungumzie faragha ya mtoto kwa ujumla wake. Sehemu ya sheria nitaipitia mbiombio kwa kuwa wengi mnaifahamu, nipate nafasi ya kukaa na jambo moja linalotusumbua wodini na majumbani: ndugu wanaompiga mtoto picha na video bila kikomo. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaalamu, si msimamo wa ofisi iliyonileta.

1. Maana na sheria

Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Mtoto mchanga, kwa hesabu zetu, ni wa siku 28 za mwanzo. Faragha yake inatajwa katika ibara ya 16 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, na ibara ya 10 ya Mkataba wa Afrika wa 1990. Nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Hayo yanatosha.

Tatizo ni kwamba anayesoma sheria hizi huwaza kampuni, benki na hospitali. Hamuwazi shangazi. Mwaka 2020 huko Uholanzi, mahakama ya Gelderland ilimwamuru bibi mmoja aondoe picha za wajukuu wake Facebook na Pinterest, la sivyo alipe euro 50 kwa kila siku ya kukaidi, hadi euro 1,000. Aliyemshitaki ni bintiye wa kumzaa. Siileti kesi hiyo tuiige; binti wa Tanga akimpeleka mamaye mahakamani kwa sababu ya picha, ukoo umekwisha. Ninachotaka mwone ni kwamba binti yule aliomba nyumbani kwanza, hakusikilizwa.

2. Hali ilivyo

Saa ya kuona wagonjwa, jioni. Mzazi bado ana dripu mkononi na kanga imemteleza kifuani. Mtoto anafunuliwa, anapelekwa dirishani penye mwanga, anapigwa picha; amefumba macho, anapigwa tena. "Fumbua macho, shangazi akuone!" Mtoto wa siku moja haoni vizuri zaidi ya kama sentimita 30, na sehemu kubwa ya siku anatakiwa alale. Mwanga wa simu haujathibitika kumpofusha mtoto, na nawaomba tuache kuwatisha watu kwa hilo, maana wakigundua tumetia chumvi hawatatuamini kwa mengine. Madhara tunayoyaona ni ya kawaida tu: anapoa, anapitishwa mikono ambayo haijanawa, na kunyonya kunasubiri mpaka watu watosheke.

Kinachonikera zaidi ni kadi ya kliniki. Siku hizi imekuwa mtindo kuilaza kifuani pa mtoto ili uzito na tarehe vionekane. Kadi ile ina jina la mama, mahali anapoishi na maelezo ya afya ambayo pengine hajamweleza hata mumewe. Imepigwa, imerushwa stetasi. Tunaambiwa stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini kuna waliokwisha kupiga skrinishoti, na kwenye kundi la ukoo simu ya kila mtu imeshajihifadhia nakala. Mtoto akiugua, picha hiyohiyo huweza kuokotwa na matapeli wakaombea michango.

Watasema ni furaha, na ni kweli ni furaha. Bibi aliyeko Muscat ana haki ya kumwona mjukuu, na apigiwe simu ya video hata kila jioni mama akiridhia. Wakisema ni mila, hapo nakataa. Mila ya pwani ni kumweka mtoto ndani hadi arobaini na kumpaka wanja asipatwe na kijicho. Shangazi huyohuyo aliyeshika wanja asubuhi, jioni anamrusha mtoto kwa watu asiowajua hata majina.

Sasa fundo lenyewe. Semina zetu zinamlenga mama: "Wewe ndiye mzazi, kataa." Akatae vipi? Wanaompiga mtoto picha ndio wanaompikia uji wa pilipili manga na kumfulia siku arobaini. Akimkatalia wifi, siku ya pili hakuna wa kumshikia mtoto akaoge, na mama mkwe ameshanuna. Tunamtuma vitani peke yake. Anayeweza kumwambia shangazi ni kaka yake, yaani baba wa mtoto. Anayeweza kumwambia mama mkwe ni mwanawe. Wa upande wa mama waambiwe na mama mwenyewe au dada yake mkubwa. Na iwe kabla ya kujifungua. Simu zikishatoka, neno lolote ni ugomvi.

Kuna kibao pia: "Hairuhusiwi kupiga picha." Mlinzi humkimbilia anayepiga picha foleni au choo kibovu, akampita anayempiga picha mtoto aliye uchi. Wananchi si wajinga, wanajua kibao kile kinamlinda nani. Na sisi wenye sare, wanapozaliwa mapacha watatu, simu ya kwanza kutoka mfukoni huwa ya nani? Naishia hapo.

3. Mapendekezo

Baba aitwe kliniki kwa ajili ya jambo hili, si kwa vipimo tu, na aelezwe kuwa kusema na ndugu zake ni kazi yake. Mahudhurio ya mwisho kabla ya kujifungua yawe na swali moja: nani atasema na ndugu wa kila upande? Wahudumu wa jamii waanze na mkubwa wa ukoo, wasianze na mzazi. Kadi ya kliniki isipigwe picha na mtu yeyote bila ruhusa ya mama, na aelezwe hivyo siku anapokabidhiwa. Watumishi tusipige picha watoto wa wateja kwa simu zetu. Itolewe barua, isiishie kwenye mazungumzo. Kunawa mikono kutangulie kumshika mtoto, picha au si picha. Picha ya kwanza isubiri mtoto anyonye. Anayetaka kurusha amwombe mama, na mama akisita, baba ajibu. Narudia: baba.

Mwisho, kibao kiandikwe upya. Napendekeza: "Usimpige picha mtoto wala mzazi bila ruhusa ya mama." Nakala nimemkabidhi katibu, Ndugu Mwenyekiti, naomba ipigiwe kura kabla hatujafunga kikao.