Mazungumzo kwa Wakulima: Trekta Ichemkapo Shambani



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya trekta ndogo iliyozeeka, ichemkayo kabla ya kumaliza nusu ya shamba. Mfano wetu ni Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza. Zilizo nyingi zina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3, na hata leo zingali zikilima katika nchi zetu.

Wengi waonapo mvuke husema mara moja kwamba injini imekufa. Humlipa fundi aifungue yote, na huku mvua zapita na mbegu zi ghalani. Sisi twasema: anzeni nje, ndipo mwingie ndani, anzeni na lisilo na gharama, ndipo mfikie lenye gharama.

Kwanza ni usalama. Mshale wa moto ukipanda, acheni kulima, iacheni injini iende polepole dakika chache, kisha izimeni. Lakini kama maji yamekwisha kumwagika, izimeni papo hapo. Msifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, kwa maana maji yaliyobanwa humo huruka na kubabua uso na mikono. Wala msimimine maji baridi katika injini yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka.

Ikiisha kupoa, tazameni uso wa rejeta. Makapi na vumbi vikiziba matundu yake, upepo haupiti. Yaondoeni kwa brashi laini na maji, mkisukuma kutoka upande wa feni kwenda mbele. Kisha bonyezeni mkanda wa feni kwa kidole gumba: ukizama mno umelegea, na pampu ya maji haizunguki ipasavyo. Tazameni pia mipira ya maji. Ule wa chini ukiwa umelainika, hunywea injini iendapo kasi na kuzuia maji.

Kifuniko nacho kina kazi yake: hubana mvuke ili maji yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka mapema, hasa nyanda za juu. Maana penye mita 2,000 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa kadiri ya digrii 93, wala si 100.

Baada ya hayo ijaribuni themostati, yaani kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Itieni katika sufuria ya maji juu ya jiko. Yapasa ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunueni nyingine. Wako watu waitoao na kuitupa. Twawaonya wasifanye hivyo, kwa sababu injini iendayo baridi mno hula dizeli nyingi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wenyewe hubaki palepale.

Ikiwa trekta hukaa vema njiani lakini huchemka ivutapo jembe, shukuni rejeta iliyozibwa kwa ndani. Maji ya chumvi na chokaa hufanya ukoko kama uonekanao ndani ya birika. Izimeni injini ikiwa na moto, kisha pelekeni kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa: palipo baridi ndipo palipoziba. Iosheni kwa ndani, na tangu siku hiyo tieni maji safi ya mvua pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Mkiona mapovu yatoka bila kukoma katika rejeta mara tu injini iwashwapo ikiwa baridi, au moshi mweupe usiokwisha, au oili imegeuka rangi ya maziwa, hapo ndipo pa kushuku gasketi ya silinda hedi. Kazi hiyo ni ya fundi hodari. Msiendelee kulima hata kidogo.

Basi, ndugu zetu, kila asubuhi kabla ya kuwasha pimeni maji na oili, na kila jioni futeni makapi. Kazi hiyo haifiki robo saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa trekta ni mavuno ya mwaka mzima.