Loti Hakuuliza Majirani

Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Abramu alivyomwachia Loti achague kwanza. Loti akaliona bonde la Yordani lenye maji tele, akahamia karibu na Sodoma. Malisho aliyapima, habari za majirani hakuuliza.

Nasi tutafutapo nyumba ya kununua Kimara, jijini Dar es Salaam, twaulizia shule nzuri. Ni vema. Lakini tuulize pia: watoto huvukaje Barabara ya Morogoro? Nani huwapokea warudipo? Tena, tukijitwika deni hata tukawa twarejea wakiwa wamelala, shule itakuwa karibu, nasi wazazi tutakuwa mbali. Mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mzazi aliye nyumbani.