MZEE ASINYANG'ANYWE DAFTARI
(Mazungumzo kwa wazee waliohitimu kisomo, Nachingwea na Ruangwa)

 

Leo tunazungumza juu ya kichwa. Hatusemi kichwa kinachouma. Tunasema kichwa kinachosahau. Mtu ameweka panga mahali, halafu analitafuta nyumba nzima. Anataka kumwita mjukuu, anataja kwanza majina ya watoto wote wa nyumba ndipo anampata mwenyewe. Mnacheka, lakini jambo hili linatuhusu sote.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizo, katika kila watu wazima watatu wa nchi hii, karibu wawili hawakujua kusoma. Wengi wenu mliingia kisomo miaka ile, wakati Ruangwa bado ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Aliyefanya mtihani ule akiwa na miaka 25, leo amefika miaka 75 au zaidi. Basi tunauliza: ile elimu iko wapi? Bado inafanya kazi, au imewekwa juu ya dari pamoja na vyungu vya zamani?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya jambo tunaloliona vijijini. Mzee akishazeeka, watoto wanamwambia, "Baba pumzika, mambo ya korosho tuachie sisi." Wanasema kwa mapenzi. Wanachukua daftari, wanachukua stakabadhi, wanakwenda chama cha msingi wao, wanapokea fedha wao. Mzee anabaki kwenye mkeka barazani. Anaulizwa tu kama amekula. Baada ya miaka miwili wanasema, "Mzee siku hizi hajui hata kuhesabu." Atajuaje, na hesabu mmemnyang'anya?

Miguu isiyotembea inakaza. Kichwa nacho ni hivyo. Sisi tunaona mzee apunguziwe mzigo wa kubeba magunia, lakini daftari abaki nalo yeye.

Hebu tufanye hesabu moja hapa hapa. Tuseme umepeleka ghalani kilo 386. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, na makato ni shilingi 200 kwa kilo. Utapata ngapi? Msichukue simu. Kilo moja inabaki na shilingi 2,800. Zidisha kwa 386. Jibu ni shilingi 1,080,800. Aliyepata kwa kichwa hongera. Aliyepata kwa kuchora vijiti chini mchangani naye hongera, maana ametumia akili yake. Tangu mwaka 2007, mpango wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho, mkulima anauza kwa karatasi. Mwenye kusahau na asiyeandika ndiye anayepunjwa, na mwenye kangomba anamjua mapema kuliko jirani zake.

Sasa tuseme juu ya kusahau kwenyewe, maana kuko kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya uzee tu. Umesahau jina la mtu, jioni unalikumbuka. Akili imekuwa na mwendo wa polepole, lakini inafika.

Namna ya pili ni ugonjwa. Mtu anauliza swali lile lile mara tano asubuhi moja. Fundi aliyesuka mikeka maisha yake yote anashindwa kuanza mkeka. Mtu anapotea njia ya kurudi nyumbani kwake. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anaweza kukusimulia habari za Farm 17, kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji hapa Nachingwea, na namna vijana wale walivyokuwa wakipita. Ya zamani yamebaki, ya leo asubuhi yamekwisha toka. Ndiyo maana watu wanamwona kama anajifanya. Hajifanyi. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kula kumbukumbu za karibuni.

Huko wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari walipima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, katika miaka ya 2009 na 2010. Walikuta ugonjwa huu kwa kadiri ya watu 6 katika kila 100. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Wataalamu wa huko walitengeneza pia kipimo ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukifanya. Mzee anasomewa maneno kumi ayakumbuke. Anaonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye alipange vivyo hivyo. Njiti nne tu, na mganga anajifunza mengi.

Hapa tuseme wazi. Mzee akionekana usiku wa manane uani kwa jirani, amesimama, hana la kusema, yako maneno ambayo watu huanza kuyanong'ona. Wanasema anawanga. Ndugu zetu, mzee yule amepotea. Alitoka kwenda chooni, akakosa mlango wa kurudi. Mshike mkono, mwite kwa jina lake, mrudishe kwake. Wako wazee nchini waliokufa kwa maneno kama hayo. Tusiwaongeze.

Na mzee aliyekuwa mzima jana, leo ghafula anasema ovyo na hajui yuko wapi, huyo hana uzee wa jana na leo. Inaweza kuwa malaria, au homa nyingine, au sukari imeshuka, au dawa alizokunywa. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, msingoje gulio lipite.

Sasa tufanye nini? Mwaka 2024 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa taarifa katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Walisema karibu nusu ya ugonjwa huu duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama mambo 14 yangetazamwa. Hatutayataja yote. Yako yanayotugusa huku kwetu: elimu ndogo, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, upweke, masikio yasiyosikia na macho yasiyoona.

Presha haina kelele. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akilima vizuri, kumbe inaharibu mishipa midogo ya ubongo. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu umejisikia nafuu. Pombe nayo mnaijua. Msimu wa mabibo ukifika kila mtu anakuwa na uraka, na baadaye gongo lake. Hatuwezi kusema mtaacha wote. Tunasema kichwa kinachonyweshwa kila siku kinazeeka kabla ya mwenyewe. Na mzee asipande mkorosho kupogoa matawi. Vijana wapo, wapande wao.

Tukae kidogo kwenye macho. Wengi wanatuambia, "Kusoma nimesahau." Tukiwapa gazeti wanalisogeza mbali, mkono mzima, wanakunja uso. Huyo hakusahau kusoma! Macho ya karibu yamechoka, na hilo huanza kwa watu wengi baada ya miaka 40. Anahitaji miwani ya kusomea. Lakini apimwe kwanza, maana huenda ni mtoto wa jicho, nao hutolewa kwa upasuaji. Masikio vile vile: wengine wamezibwa na nta tu. Asiyesikia hukaa pembeni, na akikaa pembeni hazungumzi, na asiyezungumza akili inalala.

Juu ya michezo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri huona mizunguko ya mbele kabla hajainua mkono. Kina mama nao wasiachwe na chungu tu, wacheze, au watege vitendawili na wajukuu jioni. Huko Hai, watu 34 waliokwisha patwa na ugonjwa walikutanishwa kwa makundi, mara 14 katika wiki saba, wakazungumza, wakaimba, wakafanya kazi ndogo ndogo za kufikiri. Walipata nafuu. Hawakupona, lakini walipata nafuu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda bao. Alipokwisha ng'atuka hakukaa bure huko Butiama. Alizigeuza Enjili kuwa tenzi za Kiswahili, nazo zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa hapa jirani Ndanda na wa Peramiho. Alikuwa na miaka 74.

Sisi hatuwaambii mtunge tenzi. Chukueni daftari la kurasa 40. Ukurasa wa kwanza andika majina ya watoto, wajukuu na vilembwe, na mwaka aliozaliwa kila mmoja. Ukurasa wa pili andika mikorosho: iko mingapi, imepuliziwa salfa tarehe gani dhidi ya ubwiri unga, kilo ngapi zimetoka. Ukurasa wa tatu andika presha yako kila unapopimwa, namba ya juu na namba ya chini. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, mganga aione tena. Kurasa zilizobaki andika mambo ya kale unayoyajua wewe: nani alianzisha kijiji, kisima kile kilichimbwa lini, reli ya karanga ilipita wapi kabla haijang'olewa. Vijana wa Stesheni wanakaa penye jina hilo na treni hawakuliona.

Kama mkono unatetemeka, mjukuu aandike, wewe useme. Lakini akimaliza akusomee, nawe umsahihishe.