Sakoshi ya begani kwa siku moja ya porini

Maneno ya mama mshonaji, mwanachama wetu, katika mkutano wa mwezi hapa Baraka. Tumeyaandika namna alivyoyasema.

 

Mimi ni mushonaji. Kazi hii niliijifunza kambini Nyarugusu, kule Kasulu, na cherehani njo inanilisha mimi na watoto mpaka leo. Lakini leo sisemi juu ya nguo. Nataka tuseme juu ya sakoshi. Munajua wazee wetu wameanza kuwapeleka vijana porini siku ya jumamosi, wajue miti, uyoga, njia za zamani na mipaka ya mashamba ya mababu. Ni kazi nzuri sana. Lakini jumamosi iliyopita nilisimama barabarani nikaangalia namna vijana wanatoka. Mmoja amebeba mfuko wa plastiki mkononi. Mwingine ana begi kubwa la safari, ndani hakuna kitu. Wa tatu ana simu tu mfukoni. Niliogopa, na nitawaambia sababu.

Mwaka wetu wa kwanza wa kurudi, nilipanda mlimani na mutoto wangu wa kiume, wa miaka kumi na ine, kuona shamba la baba yangu. Nilisema ni siku moja, tutarudi jioni. Nilichukua begi nililotoka nalo kambini, nikaweka viazi, chupa ya maji na kiberiti. Tukiwa kule juu, mshipi wa begi ukakatika. Basi nikalibeba kichwani, mkono mmoja umelishika, mkono mwingine una panga. Mvua ikanyesha. Kijito tulichovuka asubuhi maji yakifika kwenye kifundo cha mguu, jioni kilikuwa kimejaa, hakipitiki. Kiberiti kilikuwa maji matupu. Tulilala chini ya mti, tumelowa, bila moto. Asubuhi mutoto alikuwa na homa, akaniambia: «Mama, turudi Tanzania. Kule angalau njia tunazijua.»

Neno lile liliniuma kuliko baridi. Mutoto alizaliwa kambini. Alijua mstari wa posho, alijua kwamba kutoka nje ya kambi bila ruhusa ni hatari. Pori la babu yake hakulijua, na siku ya kwanza nilipomuonyesha, nilimuonyesha vibaya. Ilipita miaka miwili mbele akubali kupanda tena.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja: sakoshi ya porini si ya kubebea vitu vingi. Ni ya kukurudisha nyumbani siku ikiharibika. Kila kitu unachoweka ndani ukiulize: kama mvua inanyesha, kama mguu umeumia, kama usiku umeingia, wewe utanisaidia nini? Kama hakina jibu, kibaki nyumbani.

Sasa namna ya kuichagua. Mimi naanza na mshipi, kwani njo unaokufa kwanza. Uwe mpana kama vidole vitatu au vine, ule mwembamba unakata bega. Angalia ulivyoshonwa. Kama umeshikwa tu kwenye pembe mbili za juu, utang'oka. Mshipi mzuri unashuka ubavuni, unapita chini ya sakoshi, unapanda upande wa pili, hivi uzito wote unakaa juu ya mshipi na si juu ya uzi. Kwa kuijaribu, weka ndani bidoni ya lita tano iliyojaa maji, uitundike kwenye msumari kutoka asubuhi mpaka jioni. Ikishinda siku nzima bila uzi kufunguka, nenda nayo.

Kitambaa: turubai ni nzuri, na jinzi ya zamani pia inafaa ukiikunja mara mbili. Nailoni ni nyepesi lakini miiba inaipasua. Kifuniko kiwe kirefu, kishuke mpaka nusu ya sakoshi, na kifungwe na kifungo au kamba. Zipu pekee hapana. Mchanga ukiingia inakwama, na mvua inapita.

Ukubwa: kama daftari la shule likilala ndani vizuri, na mkono wako ukifika chini bila kuchimba, inatosha. Kubwa kuliko hapo utaijaza, na bega moja halibebi kilo nyingi siku nzima. Mimi sipitishi kilo ine.

Na rangi. Vijana, munisikie hapa. Kitambaa cha madoadoa ya kijeshi hapana, hata kama ni kizuri, hata kama ni cha bure. Kwa inchi yetu, mutu anayetoka porini na nguo au mfuko wa namna ile anaweza kuchukuliwa kuwa kitu ambacho siye. Chagueni rangi ya wazi, nyekundu au njano, mtu aione toka mbali.

Namna ya kupanga. Kwanza ndani kabisa weka mfuko wa plastiki mzima, usio na tundu. Vitu vyote vinaingia mule. Chini kabisa kinakaa kikwembe kimoja. Kikwembe njo kitu cha kazi nyingi: ni blanketi, ni kamba ya kumubeba mgonjwa, ni bandeji, ni kichujio cha maji yenye matope. Juu yake kipande cha shitingi, meta moja na nusu kwa mbili, hakifiki kilo moja. Kingekuwa nami ile usiku, mutoto hangelowa.

Kisha moto. Kiberiti na briketi viwe ndani ya kichupa kidogo chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ule unawaka hata ukiwa umelowa, na unakupa wakati wa kukausha vijiti. Uwashie inje, si ndani ya nyumba, moshi wake ni mubaya.

Maji: chupa ya lita moja na nusu, isimame upande mmoja. Porini usinywe maji ya kijito hivi hivi, hapa kwetu kandokando ya ziwa kolera tunaijua. Chemsha, au weka kidonge cha kusafisha maji na kungojea dakika 30. Lakini soma karatasi yake: kidonge cha bidoni ya lita 20 si cha chupa. Na sukari na chumvi zifungwe mbalimbali. Mtu akihara sana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo mkimpeleka kwa kituo cha afya.

Chakula: viazi vya kuchemsha vya mchana, na karanga za kukaanga ambazo hauzigusi mpaka urudi. Karanga hizo ni za usiku usioutarajia.

Juu kabisa, mahali mkono unafika bila kuangalia: tochi, kitambaa safi cha kidonda na kipande cha sabuni, kamba ya meta tano, kisu kidogo ndani ya ala yake. Panga haliingii sakoshini, linabebwa mkononi. Filimbi ifungwe kwenye mshipi. Ukipotea, piga mara tatu, ngojea, piga tena mara tatu. Sauti ya mtu inakauka, filimbi haichoki. Simu iwe na moto, umeizima, ndani ya plastiki. Kadi yako ya mpiga kura vilevile ndani ya plastiki, kwani kwa bariyeri wataiomba, pamoja na karatasi yenye namba mbili za simu za nyumbani. Simu ikifa, karatasi haifi.

Kuna vitu visivyoingia. Wembe na jiwe jeusi vya nyoka viache. Mtu akiumwa na nyoka usikate, usinyonye, usikaze kamba. Toa pete na bangili, funga mguu pamoja na fimbo usitikisike, mumubebe na kile kikwembe mpaka hospitali, yeye asitembee. Na chuma usichokijua, ukikiona njiani, usikiguse wala kukiweka ndani ya sakoshi kwa kuuza. Vita vilipita hapa. Rudi kwa nyayo zako, ukaambie wakubwa.

Kuivaa: mshipi upite kifuani, kutoka bega moja mpaka ubavu wa pili, ukiufupisha mpaka sakoshi ikae juu kidogo ya nyonga. Ikining'inia chini inakupiga goti na kukuangusha kwenye muteremko. Kila saa badilisha bega. Mikono yote miwili ibaki huru. Wakati wa kuvuka maji, itoe kifuani na kuiachia begani tu, ili ukianguka iende bila wewe.

Na mbele ya kutoka, mwambie mtu: ninapita wapi, niko na nani, narudi saa ngapi. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili mwaka wote. Saa nane, hata kama haujafika ulikokuwa unaenda, geuka.

Sasa ombi langu. Nataka tushone sakoshi kumi na mbili za kwanza, hapa hapa, na wasichana wanaojifunza kwangu, zikae kwa nyumba ya chama. Kijana anaichukua jumamosi asubuhi, jioni anairudisha, na tunahesabu vilivyo ndani. Wafazili wetu, hatuombi mabegi ya kununuliwa mbali. Tunaomba turubai, uzi mgumu na filimbi. Mikono tuko nayo.

Mutoto wangu sasa ni mwanaume. Jumamosi njo yeye anatembea nyuma ya kundi, na sakoshi nyekundu niliyomushonea. Nyuma njo mahali pa yule anayehakikisha hakuna mtu amebaki. Haniulizi tena juu ya Tanzania.

Mkutano unaokuja, kila mutu alete sakoshi anayotumia, tuimwage juu ya meza na kuona pamoja.